Alioa au Aliua? Irabu Tano na Amana ya Askari

Tuseme ni saa nne ya usiku katika kituo kidogo cha polisi kando ya barabara kuu. Koplo wa zamu ameketi mezani, kalamu mkononi, na taa inafifia. Mbele yake amesimama mzee mmoja aliyekuja kueleza habari za kijana wa jirani anayetafutwa na polisi. Mzee asema kwa sauti iliyochoka: "Huyo kijana namfahamu, afande. Alioa mwaka jana, kisha akahamia mjini." Koplo anaandika upesi, maana watu wengine wanne wanangoja nyuma ya mzee. Herufi ya o haikufungwa vizuri juu. Asubuhi yake askari mwingine anayenakili maelezo hayo anasoma: "Aliua mwaka jana, kisha akahamia mjini."

Ndugu msomaji, kati ya arusi na mauaji ilikuwapo sauti moja tu. Hakuna aliyesema uongo. Mzee alisema kweli, koplo alisikia vema, na mnakili aliandika alichokiona. Hata hivyo kijana yule sasa si mume wa mtu bali ni muuaji. Na tuseme maelezo hayo yakatafsiriwa kwa Kiingereza yapate kufikishwa mahakamani. Katika Kiingereza maneno ya kuoa na kuua hayafanani hata kidogo, kwa hiyo hakimu atakayeyasoma hataweza kushuku kwamba kosa lilikuwa la herufi moja. Kosa lililoonekana kwa urahisi katika Kiswahili limekwisha kuzikwa.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini kila aliyewahi kukaa zamu kituoni au kupokea habari kwa simu ya upepo anajua kwamba si mfano wa mbali. Katika makala haya tutaeleza irabu ni nini, zinavyotamkwa na zinavyoandikwa, na kwa nini mlinzi wa nchi hana budi kuzitunza kama anavyotunza silaha yake.

Pumzi isiyozuiwa

Kila tunaponena, pumzi hutoka mapafuni, ikapita kooni penye nyuzi za sauti, kisha ikatokea kinywani au puani. Njiani pumzi hiyo huweza kuzibwa au kubanwa. Midomo miwili ikiiziba kisha ikaiachia, twapata p au b. Ncha ya ulimi ikiiziba, twapata t au d. Meno ya juu yakikutana na mdomo wa chini na kuibana, twapata f au v. Sauti za namna hii, ambazo pumzi yake imekutana na kizuizi, huitwa konsonanti.

Lakini pumzi ikipita kinywani bila kuzuiwa mahali popote, nyuzi za sauti zikitetema na kinywa kikibadili umbo lake tu, sauti inayotokea ndiyo irabu. Wengine huiita vokali. Msomaji aweza kujaribu mwenyewe papo hapo alipo. Weka kiganja kooni, useme "sss" kwa kuvuta. Hutasikia mtetemo wowote. Sasa sema "aaa". Koo lote latetema, na sauti yatoka wazi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Ndiyo maana daktari anayetaka kutazama koo la mgonjwa humwambia aseme "aaa": katika sauti hiyo ulimi hulala chini na kinywa hufunguka kuliko katika sauti nyingine.

Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Tofauti zake hufanywa na ulimi na midomo. Ukitoka kwenye a ukaenda e kisha i, utasikia ulimi ukisogea mbele na kupanda juu, na midomo ikitanuka kama ya mtu anayetabasamu. Ukitoka kwenye a ukaenda o kisha u, ulimi warudi nyuma na kupanda, na midomo yaviringana kama ya mtu anayepuliza moto. Sauti zote tano ni hewa ile ile na mtetemo ule ule. Kilichobadilika ni umbo la kinywa tu.

Katika Kiswahili kila irabu iliyoandikwa husomwa, na kila moja ina sauti ile ile popote ilipo. Hakuna irabu iliyo bubu. Zikifuatana mbili, kila moja husimama peke yake katika silabi yake, kama askari wawili katika mstari. Neno "kataa" lina silabi tatu: ka-ta-a. Karibu kila silabi ya Kiswahili huwa na irabu moja ndani yake. Silabi ambazo hazina irabu ni zile za m au n inayosimama yenyewe, kama mwanzo wa "mtu", "mbwa", "nchi" na "nne".

Sauti inayofika mbali

Yeyote aliyepata mafunzo ya kurutu ameisikia nguvu ya irabu kabla hajalijua jina lake. Sajini asimamapo mbele ya gwaride na kuamuru kwa Kiswahili "Mguu pande! Mguu sawa!" au "Nyuma geuka!", sauti anayoivuta ni irabu. Neno "mguu" lina irabu mbili mwishoni, na hizo ndizo zinazokwenda mpaka safu ya mwisho uwanjani. Hakuna sajini awezaye kuipaza k wala t ikafika mita mia. Konsonanti huchonga neno, lakini irabu ndiyo inayolibeba.

Katika simu na redio jambo hilo huonekana zaidi. Simu ya kawaida ya waya ilitengenezwa ipitishe mitetemo ya sauti kuanzia 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya nguvu ya irabu imo ndani ya mipaka hiyo, kwa hiyo hufika salama. Lakini sauti kama s na f zina sehemu kubwa ya mitetemo yake juu zaidi ya hapo, nayo hukatwa njiani. Ndiyo sababu mtu anayesikiliza kwa simu hushindwa kuitambua s na f, akaomba arudiwe. Kadhalika upepo, mngurumo wa gari na mikwaruzo ya redio huzifunika kwanza konsonanti. Basi anayesema katika redio huku akizimeza irabu zake ameitupa sehemu ya neno iliyokuwa na matumaini makubwa ya kufika.

Irabu moja, amri mbili

Lugha yetu imeziwekea irabu kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua konsonanti mbili, k na t, uzitie irabu mbalimbali. Utapata kata, keti, kiti, kito, kuta na kutu. Chukua s na r: sare ambayo askari huivaa, siri ambayo huitunza, sera ambayo huitumikia, na sura ambayo huitambua kizuizini. Konsonanti hazikubadilika hata moja.

Hatari huwa kubwa pale irabu moja inapogeuza amri kuwa kinyume chake. Mkubwa akisema "Funga lango", lango lazibwa. Akisema "Fungua lango", lango laachwa wazi. Herufi iliyoongezeka ni u peke yake. Pakia mzigo garini, au pakua mzigo garini: i na u zimetenganisha kupanda kwa shehena na kushuka kwake. Na kwa wahandisi wa kivita, kutega bomu ni kazi ya mtu mmoja na kulitegua ni kazi ya mwingine. Habari ikifika kambini kwamba bomu la darajani "limeteguliwa", gari litapita. Kama aliyetuma habari alikusudia "limetegwa", hapana haja ya kueleza yatakayofuata.

Katika maelezo ya kituoni mitego ni ya namna nyingine. "Alimpiga ndugu yake" ni shtaka. "Alimpigia ndugu yake" ni habari ya simu. Tofauti ni i moja. "Mlinzi alikata" maana yake alikuwa na kisu au shoka, lakini "mlinzi alikataa" maana yake hakukubali. "Dawa hii inakufaa" ni maneno ya faraja kwa mgonjwa, na "anakufa" ni mwito wa kumkimbiza hospitali. Irabu iliyorudiwa mwishoni si pambo.

Kiswahili chenyewe kimetupa msaada mmoja hapa. Mkazo wa neno kwa kawaida huwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "funga" mkazo umo katika fu. Katika "fungua" umehamia ngu. Katika "kata" umo katika ka, na katika "kataa" umo katika ta. Kwa hiyo irabu inapoongezeka, mkazo nao husogea, na sikio lililozoea huonywa mara mbili. Lakini msaada huo hupatikana tu kwa msemaji anayelimaliza neno lake. Anayesema kwa haraka na kulikata neno mwishoni huiua irabu na mkazo kwa pamoja.

Irabu katika karatasi

Kuandika irabu hakukuwa jambo jepesi tangu zamani. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Neno "irabu" lenyewe limetoka katika Kiarabu. Utendi wa Tambuka, ambao husimulia vita na ambao nakala yake ina tarehe inayolingana na mwaka 1728, uliandikwa kwa hati hiyo. Lakini Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi: fataha kwa a, kasra kwa i, na dhumma kwa u. Kiswahili kina irabu tano. Ikawa lazima e na i zigawane kasra, na o na u zigawane dhumma. Kwa alama hizo peke yake, "mbele" na "mbili" zaweza kuandikwa sawasawa, na "choma" na "chuma" vilevile. Na wale alioa na aliua tuliokutana nao mwanzo hawana kinachowatenganisha.

Waandishi wa zamani hawakupotea kwa sababu hiyo, kwa kuwa waliijua lugha na waliyajua mashairi yao. Msomaji aliupata ukweli kutokana na maana ya sentensi nzima. Lakini askari asomaye taarifa ya mtu asiyemjua, kuhusu jambo asiloliona, hawezi kutegemea kukisia namna hiyo.

Wamisionari walipoanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, baadhi yao wakiwa Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Steere aliyefanya kazi Unguja, ilifuatwa kanuni moja yenye manufaa: konsonanti zisomwe takriban kama za Kiingereza, lakini irabu zisomwe kama za Kiitaliano. Irabu za Kiingereza ziliachwa kwa sababu hazina msimamo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Kuanzia mwaka 1952, kwa takriban miaka kumi, makao ya kamati hiyo yalikuwa papa hapa Makerere. Tunapoandika "alioa" kwa o na "aliua" kwa u, tunafaidi kazi ya watu hao.

Lugha nyingi, herufi tano

Nchini mwetu Uganda, mtu anayetoa maelezo kwa Kiswahili aghalabu hasemi lugha ya mama yake, wala askari anayemwandika hasemi ya mama yake. Kila mmoja huja na irabu za nyumbani kwake. Yafaa tuzifahamu, ili tujue ni wapi sikio laweza kutudanganya.

Muganda ana irabu tano kama za Kiswahili, lakini kwake urefu wa irabu hubadili maana. "Okusika" ni kuvuta, na "okusiika" ni kukaanga. Kanuni za maandishi ya Luganda zilizowekwa mwaka 1947 zimeruhusu irabu ndefu kuandikwa kwa herufi mbili. Kadhalika nomino nyingi za Luganda hutanguliwa na irabu: omuntu, abantu, ekintu. Mwacholi yeye ana sauti nyingi zaidi. Wataalamu huhesabu irabu kumi katika lugha yake, tano zikiwa zimenenwa kwa shina la ulimi lililosogezwa mbele na tano bila hivyo, ingawa katika maandishi ya kawaida zote hutumia herufi zile zile tano. Kwa hiyo Mwacholi husikia tofauti ambazo karatasi haizionyeshi.

Majina ya watu ndiyo yanayotaka uangalifu kuliko yote. Miongoni mwa Waacholi na Walango, majina mengi ya wanaume huanza kwa O na ya wanawake kwa A. Mtoto aliyezaliwa baada ya pacha huitwa Okello akiwa mvulana, na Akello akiwa msichana. Pacha wa kwanza huitwa Opio au Apio kwa namna hiyo hiyo. Askari anayekosea irabu ya kwanza katika jina la shahidi amemgeuza mwanamume kuwa mwanamke. Siku ya kesi ataitwa mtu ambaye hayupo, na yule aliyepo atakaa nje akingoja jina lake.

Wapo pia wanaowacheka askari wetu kwa kusema "mutu", "mukubwa" na "mutoto". Jambo hili lastahili haki. Katika lugha za Kibantu kiambishi hicho kilikuwa na irabu tangu asili: Luganda husema omuntu, Kinyarwanda husema umuntu, na Waswahili wa mashariki ya Kongo husema mutu mpaka leo. Ni Kiswahili cha pwani kilichoidondosha u ile kikabaki na m peke yake. Basi anayesema "mutu" hakuharibu kitu. Amehifadhi irabu ya kale. Lakini katika maandishi ya serikali twaandika "mtu", kwa sababu taarifa itasomwa pia na watu wa nchi jirani, na wote lazima wakutane katika tahajia moja.

Kiingereza kinavyotuchanganya

Lugha ya tatu iliyopo mezani kituoni ni Kiingereza, nayo ndiyo yenye mtego mkubwa. Alfabeti yake hutumia herufi tano zile zile kwa irabu, lakini katika matamshi ya Uingereza sauti za irabu ni takriban ishirini. Zaidi ya hayo, majina ya herufi hizo hayalingani na sauti zetu. Mwingereza huiita A "ei", E huiita "ii", na I huiita "ai".

Tazama matokeo yake. Askari aliyeko njia panda anataja namba ya gari lililokimbia, inayoanza na herufi UBE. Anazitaja kwa Kiingereza: "yu, bii, ii." Anayepokea kituoni amezoea kutaja herufi kwa Kiswahili, kwa hiyo asikiapo "ii" aandika I. Gari la UBE limepita, na kizuizi kizima chatafuta gari la UBI. Kinyume chake pia hutokea: mmoja ataja "i" ya Kiswahili katika jina la mtu, na mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza aandika E. Wote wawili wamesikia sawa. Kila mmoja amefuata sheria ya lugha tofauti.

Dawa yake ipo, na imekuwapo tangu 1 Machi 1956, ilipoanza kutumika kimataifa ile orodha ya maneno ya kutajia herufi katika usafiri wa anga, ambayo majeshi mengi huitumia. Humo irabu zote tano zimepewa maneno kamili: Alfa, Echo, India, Oscar na Uniform. Waliotunga orodha hiyo walikuwa waangalifu hata katika tahajia. Alfa huandikwa kwa f, ili msomaji asiyejua mtindo wa Kiingereza wa ph asikosee. Juliett huandikwa kwa t mbili, ili Mfaransa asiiache t ya mwisho bila kuitamka. Waliona kwamba herufi moja iliyosikika vibaya yaweza kumpoteza rubani, wakaona si aibu kutumia neno zima mahali pa sauti moja.

Mambo manne ya kushika

Kutokana na hayo yote, yako mambo manne ambayo hayagharimu fedha wala hayahitaji chombo.

La kwanza ni kulimaliza neno. Katika Kiswahili irabu ya mwisho mara nyingi ndiyo yenye habari. Anayetuma habari kwa redio na aseme polepole, kila silabi ipate nafasi yake, na neno linaloweza kuchanganywa alifafanue kwa lingine: "Fungua, yaani acha wazi." "Limetegwa, yaani lingali hai."

La pili ni kuzifunga herufi. Katika mwandiko wa mkono, o isiyofungwa juu husomwa u, na a isiyofungwa husomwa u vilevile. E isiyo na jicho husomwa i au c, na i isiyo na nukta yaweza kusomwa e. Haraka ya dakika moja katika daftari la zamu yaweza kuwa miezi ya mtu mahabusu.

La tatu ni kutaja majina herufi kwa herufi. Mwulize mwenye jina, maana kuuliza si ujinga. Kama anajua kuandika, mpe kalamu aliandike mwenyewe. Kama hajui, litamke mbele yake mpaka akubali. Katika redio tumia Alfa na Echo, wala usichanganye herufi za Kiingereza na za Kiswahili katika jina moja.

La nne, lililo kubwa kuliko yote, ni kumsomea mtu maelezo yake kabla hajatia sahihi au dole gumba. Yule mzee wetu wa saa nne ya usiku, lau koplo angalimsomea kwa sauti, angaliruka: "La, afande! Sikusema aliua. Nilisema alioa." Sikio la mwenye maneno ndilo mlinzi wa mwisho wa irabu zake. Na kanuni ya viambishi yaweza kumsaidia askari asomapo: mzizi wenye e au o hufuatwa na e, kama letea na someshwa, na mzizi wenye a, i au u hufuatwa na i, kama andikia na fungiwa. Akikuta "andikea" au "letia", ajue mkono uliteleza, na aangalie pia maneno ya jirani.

Lugha ya mwenye bunduki

Kiswahili kimekuwa lugha ya askari katika nchi hii tangu enzi za King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Lakini hapana haja ya kuficha kwamba wananchi wengi, hasa wazee, walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, tena kwa ukali. Kwao yalikuwa maneno yaliyokatwakatwa, yenye konsonanti nyingi na irabu chache, yasiyongoja jibu. Hofu hiyo haitaondolewa kwa hotuba. Itaondolewa mezani kituoni na barabarani kizuizini, mwananchi atakaposikia Kiswahili kinachonenwa taratibu, na kuona maneno yake yakiandikwa kama alivyoyasema.

Waswahili husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa mlinzi wa amani twaweza kuongeza kwamba kujikwaa kalamu nako hakuna tiba nyepesi, kwa kuwa ulimi uliojikwaa husahihishwa pale pale, lakini kalamu iliyojikwaa husafiri mpaka mahakamani.

Mwisho, yapo maneno mawili ambayo askari hukutana nayo kila siku ya kazi yake. Moja ni silaha, jingine ni suluhu. Kwa asili hayana udugu, lakini Kiswahili kimeyafikisha mahali pamoja: yote mawili yana s, l na h, kwa mpangilio huo huo. Kinachoyatofautisha ni irabu tu. La kwanza askari amekabidhiwa kwa hesabu, na hulirudisha ghalani kwa hesabu. La pili hakuna anayemhesabia, lakini ndilo lililomfanya akabidhiwe lile la kwanza.